Vipande Vyenye Jina Lake

Jumatatu, 6 Septemba 1943

Mvua imekatika. Nimeanika magunia uani, nikarudi kwenye kona yangu.

Mwaka mzima mjane hukaa konani. Haendi sokoni, haonekani mbele ya duka, huzunguka uani tu. Sikatai. Mama alikaa, na bibi alikaa. Lakini kona zao hazikupakana na duka! Mimi na duka tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nikiegemea nasikia hata mizani inavyogonga.

Na tangu wafungue mpaka wafunge, watu wanataja jina la mume wangu.

"Muljibhai, chenji yangu nipe ya ——." "Sitaki za Kasam, nipe za ——." "Hii ya —— imepinda, nibadilishie." Vile vipande vya shaba vya duka letu vimechongwa jina lake, basi mji mzima unaviita hivyo. Analitaja muuza njugu. Analitaja msafiri aliyeshuka kwenye treni, ambaye hakumjua hata sura. Analitaja mtoto asiyejua kupenga kamasi.

Mimi sijalitaja hata mara moja. Ndoa yote ile! Kwetu mke hataji jina la mumewe; akilitaja, anampunguzia umri. Basi sikulitaja. Na umri wake ulipungua vilevile. Tumbo, siku chache za Juni, kwisha.

Hata hapa siliandiki. Hakuna atakayesoma — lakini mkono unakataa.

Najua ni upuuzi kumwonea wivu muuza njugu. Namwonea.

Jumatano, 8 Septemba

Ujam kamwambia mke wa mwalimu kwamba ile picha ya chungu kwenye vipande ni wazo lake. Nimesikia kwa masikio yangu mawili! "Mimi ndiye niliyesema iwe chungu." Alimwambia nani? Ujam ni mke wa Mulji, mdogo wake mume wangu. Mbele ya mume wangu alijifunika uso mpaka kidevuni, na hawakuwahi kusemezana hata neno. Ndiyo heshima ya mke wa mdogo mtu. Jina la shemeji mkubwa naye halitaji, kama mimi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka jana, redio ya duka la chai ilisema Wajapani wanakaribia, na mara pesa ndogo zikatoweka mjini. Kila nyumba ilizitia mtungini na kuufukia. Mtu anakuja na noti ya rupia, anataka kiberiti kimoja — utamrudishia nini? Kwanza mume wangu alirudisha viberiti vingine. Kisha stempu za posta. Stempu zikaloa jasho na mvua, zikagandana, mteja mmoja akaleta donge zima la vichwa vya Mfalme, hakibanduki hata kimoja. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ndipo akasema na sisi tutengeneze vya kwetu, kama Kasam muuza mafuta wa ng'ambo ya barabara. Nikaweka kifuniko cha kopo lake la ugoro juu ya karatasi, nikachora duara, nikalikata kwa mkasi. Akauliza, picha gani, kwa wasiojua kusoma? Nikasema chungu. Akasema, "Watadhani ni tumbo langu." Fundi wa vyombo akavikata kwa shaba. Upande mmoja chungu, upande wa pili jina. Kilipotoka cha kwanza alikileta jikoni, kikiwa bado na moto wa tupa, akanitia kiganjani. Siku ileile nikampa muuza maziwa. Nilijuaje!

Ujam wakati huo alikuwa kwao, kaenda kujifungua. Hakuwapo hata!

Nimepepeta mchele. Nimepepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Ijumaa, 10 Septemba

Leo lazima nimwandike Rambha, la sivyo nitapasuka.

Rambha anauza mboga kwenye ngazi ya duka letu. Mume wangu ndiye aliyempa nafasi ile, zamani, mumewe alipofia kazini kwenye reli. Ni mjane kama mimi, lakini watu wao, wakulima wa bustani, hawana kona wala kujifunika. Siku ya kumi na tatu ya msiba alitoka na vikapu vyake. Anacheka na wanaume, anabishana, anatukana. Uso wake sijauona sawasawa. Naujua mkono tu, ukipitisha mabamia kwenye upenyo wa mlango, una chale ya nge juu ya kifundo.

Wengine wakitaja jina la mume wangu, wanataja kipande. Rambha anamtaja mtu. Huongeza "bhai", yaani kaka, mwishoni na kulivuta, kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto. Leo kamwambia Mulji, "Enzi za ——bhai vipande vilikuwa vinang'aa. Wewe unavihifadhi wapi, kwenye jiko?"

"Uza mbilingani zako, mama."

"Nauza, na hazina vumbi kama chai yako!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilikaribia kucheka. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Nikamwambia Ujam, yule mama ana sauti. Ujam akaweka kisu chini. Akasogea. "Bhabhi, kwani hujui?" — huniita hivyo, mke wa kaka, yeye na mumewe. "Kila asubuhi Bhai mkubwa alimpa pesa ya Serikali. Pesa hasa, yenye kichwa cha Mfalme. Baba mtoto aliona kwa macho yake. Mwaka ule wote pesa zilipokuwa hazionekani!"

Hazionekani! Mimi matumizi ya nyumba nilipewa vipande. Nikambembeleza muuza maziwa avipokee. Nikambembeleza mshona viatu. Na pale nje, kwenye ngazi, kila asubuhi, pesa ya Mfalme!

Ujam akarudi kwenye vitunguu vyake. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Jumapili, 12 Septemba

Siku nzima nafikiri alimpa vipi. Alisimama, akainama? Aliiweka ngazini, au mkononi — pale penye nge?

Nimeunguza chapati. Ujam anauliza kama naumwa. Nimesema jino.

Jumatano, 15 Septemba

Mulji karudi kutoka mji mkubwa, Rajkot, na mfuko wa pesa mpya. Zina tundu katikati! Duka zima limejaa watu kuja kuzitazama. Mmoja kasema zitafaa kwa kufungia gurudumu la mkokoteni. Mwingine kasema atamtungia mkewe shanga. Nikamsikia Rambha: "Serikali imekula katikati, imetuachia maganda!"

Baada ya kicheko Mulji akapaza sauti. Kila mwenye kipande cha duka hili akilete kabla ya Diwali, atapewa pesa yenye tundu. Baada ya hapo havipokelewi. Mwaka mpya duka lianze safi. Shaba bei juu kwa ajili ya vita. Fundi wa vyombo atavichukua vyote, aviyeyushe.

Atayeyusha.

Nilikaa na neno hilo. Mume wangu hakupiga picha. Alisema atapiga vita vikiisha. Nguo zake walipewa watu, kama desturi. Mtoto hatukujaliwa. Kilichobaki cha jina lake ni vile vipande — na vyote viko mikononi mwa watu. Mimi sina hata kimoja. Kila nilichopewa nilikitumia.

Jioni Mulji akaja mpaka mlango wa jiko, akasimama upande kwa adabu. "Bhabhi, nataka kuweka mapipa ya mafuta ya taa pale kwenye ngazi. Yale ya mgao wa Serikali, ya kadi. Sasa Rambha... Nafasi ile alimpa kaka. Wewe ukisema abaki, atabaki. Sitabishana."

Nikasema, "Ngazi ni yako sasa, Muljibhai."

Sauti yangu ilikuwa tulivu. Niliipenda. Nilikwenda kunawa uso, nikakuta natabasamu.

Ijumaa, 17 Septemba

Wamemwondoa Rambha asubuhi.

Hakupiga kelele kama nilivyotazamia. Aliuliza tu, nani kasema. Mulji akasema hata nyumbani wamekubali. "Nyumbani nani? Yule wa nyuma ya mbao?"

Nikasikia nyayo. Halafu ukuta ukagongwa, hapahapa sikioni pangu! Alijua nakaa wapi. Tangu Juni alijua.

"Ben!" Aliniita dada! "Umekubali?"

Nilizuia pumzi. Akangoja. Akagonga tena, polepole, kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Kisha vikapu vikaburutwa.

Nilidhani nitafurahi wiki nzima. Nilifurahi mpaka adhuhuri. Adhuhuri nikagundua kuwa tangu aondoke hakuna aliyemtaja mume wangu kama mtu.

Jumatatu, 20 Septemba

Vipande vinarudi kwa vikapu. Sikujua vilikuwa vingi hivi! Vingine vimetobolewa na kuvaliwa na watoto. Kimoja kimepigiliwa kuwa kitufe.

Vimechanganyika na vya Kasam. Kasam naye ana chungu, cha mafuta, chenye mdomo. Vikichakaa huwezi kutofautisha bila kusoma. Ujam hasomi. Kwa hiyo mimi nikasoma, nikatenga mafungu mawili sakafuni. Siku nzima nimelishika jina lake, nimelipangusa kwa pindo la sari. Nilifurahi kama bibi harusi. Sikuona haya.

Alasiri Ujam akachungulia kutoka dukani. "Bhabhi, fungu lipi la nani? Baba mtoto anataka kuyapeleka."

Sasa, pale dukani alikuwa ameketi mzee wa ukoo wetu. Mbele yake siwezi kutoa sauti, na pindo la sari nilikuwa nimeliuma menoni kuufunika uso. Na hata kama nisingeliuma — ningemtaja nani? Nikagusa fungu la kwetu, nikaelekeza kidevu kwenye mto wa kukalia, pale mume wangu alipokuwa akiketi. Ujam akaitikia kwa kichwa. Ameelewa.

Jumanne, 21 Septemba

Hakuelewa! Nyuma ya ule mto kuna mlango, na ng'ambo ya mlango kuna duka la Kasam. Alidhani kidevu changu kinavuka barabara. Vya kwetu vikapelekwa kwa Kasam, na vya Kasam vikaenda kwa fundi.

Kasam alikuja anapiga kelele tangu katikati ya barabara. "Muljibhai! Umeniletea gunia zima la marehemu kaka yako! Zangu ziko wapi?"

Mulji akasema, pole sana, ziko... zimekwisha kuyeyushwa.

"Mmeniyeyusha! Niko hai, nina wake wawili na deni la punda, na mmeniyeyusha!"

Barabara nzima ilicheka. Kasam mwenyewe mwishowe akacheka. Mulji akamwagiza chai, akaahidi kumlipa. Alipoambiwa ilivyotokea, Kasam akagonga kaunta. "Yaani wanawake wawili, fungu lenye jina, na hakuna wa kulitaja? Wangeniita mimi ningelitaja bure!"

Kisha akanywa chai, na akasema jambo. Akasema ngazi ile tupu haimpendezi. Mauzo ya kwanza ya siku hayaanzwi kwa kipande wala kwa mkopo, kila mwenye biashara anajua. Huanzwa kwa pesa. Na mtoza ushuru wa soko alikuwa hapokei vipande, akimtaka Rambha pesa ya Serikali au aondoke. "Basi kaka yako kila asubuhi alikuwa mteja wake wa kwanza. Fungu moja la kotmiri. Pesa kamili. Mimi nilimcheka. Akaniambia, Kasam, yeye akikosa pesa ile moja, siku yake haianzi."

Kotmiri.

Kila asubuhi, fungu moja, likiwa na umande, juu ya kizingiti cha jiko. Mimi ndiye niliyelikata. Nililinyunyiza kwenye dengu. Nilimwambia mara moja, leo kotmiri imezidi. Akasema, kula tu.

Sawa. Nimeelewa. Ila wivu haujaelewa. Kwa nini hakuniambia? Angeniambia ningempa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kupitia upenyo wa mlango.

Nisingempa. Labda ndiyo maana.

Alhamisi, 23 Septemba

Vyote vimekwenda.

Kasam alirudisha gunia letu jana jioni. Usiku niliwaza: kesho Mulji atakumbuka. Atasema, Bhabhi, chukua kimoja, viwili, weka. Ni kijana mwema. Asubuhi nilifagia uani nikiwa nimekaa karibu na mlango, ili asihangaike kunitafuta. Nilifagia mahali pamoja mpaka udongo ukachimbika.

Bado alikuwa na hasira ya hasara ya Kasam. Alipakia gunia kwenye baiskeli, akapiga kengele, akaenda.

Neno moja tu — "bakiza." Neno hilo si jina la mtu. Ningeweza kulisema. Nilingoja alikumbuke yeye.

Mchana karudi na bakuli jipya la shaba kwa ajili ya Ujam. Ni zuri. Ujam kalipiga kwa kucha, likalia. Akaniambia, "Sikia, Bhabhi!"

Nimesikia.

Jumapili, 26 Septemba

Leo hakuna aliyelitaja. Siku nzima. Nimeegemea ukuta tangu kufungua. Pesa zenye tundu zinalia vingine, zinalia kama bati. "Asante, Muljibhai." "Karibu tena." Basi.

Nilikuwa naudhika walipolitaja. Sasa hata muuza njugu namtamani. Nilimsikia anapita, nikasema moyoni: sema. Akasema bei ya njugu.

Jumatano, 29 Septemba

Rambha ana vipande.

Mulji kapiga hesabu na fundi, kaona vinavyopungua. Akaulizia. Rambha sasa anauza karibu na stesheni, juani, na inasemekana ana kitambaa kizima kilichofungwa fundo. Mulji akampelekea ujumbe: alete, atapewa pesa mpya. Jibu likaja kwa mdomo wa mchukuzi: "Mwambie Muljibhai mapipa yake yakijifunza kuuza mboga, nitaleta."

Mulji kaudhika lakini kacheka. Siku ya Diwali ikipita, kasema, abaki navyo. Shaba ile ni kikombe kimoja tu.

Ujam, akikanda unga: "Atavitunga mkufu avae!"

Alisema kwa mzaha tu, akaendelea kukanda. Lakini mimi naona. Naona shingo ambayo sijawahi kuiona, na jina la mume wangu limeizunguka, likigongana anapocheka. Yeye anamtaja. Yeye alipewa pesa ya Mfalme. Yeye anavyo. Mimi ndiye niliyekata karatasi ya kwanza, na mkononi mwangu hakuna hata kimoja.

Nimefikiri mambo mabaya juu ya mtu anayeketi juani kwa sababu yangu. Nayaandika ili niyaone. Nimeyaona. Bado nayafikiri.

Ijumaa, 1 Oktoba

Naandika haraka. Yuko nje.

Usiku tisa wa mama mungu umeanza jana. Wanawake wote wanacheza barabarani wakizunguka taa. Mimi nawasikia tu. Leo Ujam tangu mchana anajipamba kwa ajili ya jioni — bangili mpaka kwenye kiwiko, sketi mpya. Kaniomba nimfunge kamba za mgongoni. Nimemfunga. Vidole vyangu vilijua kazi, mimi mwenyewe mwaka jana...

Basi nilikuwa nimemaliza, niko uani nasugua sufuria, nikasikia mtu kwenye kichochoro cha nyuma. Mlango wa nyuma ukagongwa. Polepole, namna ileile. Nikajua kabla sijafungua.

Ni mfupi! Miaka yote nilimdhania mrefu. Ana meno yaliyopishana na macho mekundu kwa jua la stesheni. Shingoni hana kitu. Kitambaa kilikuwa kiunoni, kimefungwa fundo, kizito.

Nikamwambia, "Karibu." Sikujua la kusema jingine.

Akasema, "Sikuja kukaa, ben. Nimekuja na vipande. Shemeji yako simpi. Nataka kukupa wewe."

Nikanyoosha mikono miwili, mikono yenye majivu, kama mtoto. Hata "asante" ilikuwa imekwisha kunitoka.

Hakufungua fundo.

"Humu ninavyo vya watu wengi," akasema. "Vya Kasam vimo. Vya duka la chai vimo. Wewe unataka vya nani?"

Nikasema, "Unajua."

"Najua. Lakini sokoni mtu huomba."

Nikasema, "Vya hapa. Vya nyumba hii."

"Nyumba haina jina kwenye shaba, ben. Mimi sijui kusoma, lakini hilo najua."

Nikamwambia, Rambhaben, sisi hatutaji. Unajua hatutaji. Akasema anajua, na yeye hakutaka kuniumiza. Kisha akatazama chini, akasema — bila ukali, ndiyo maana siwezi kumchukia: "Mnapika mboga zangu siku zote, hujaniuliza hata mara moja kama nimelala salama. Nimefukuzwa kwenye ngazi yake, nikagonga mbao, hukujibu. Nikasema labda yule wa ndani hana mdomo. Kule stesheni hakuna anayemjua ——bhai. Namtaja peke yangu, nachoka. Nataka kumsikia kwa mtu mwingine anayemkumbuka. Mara moja tu. Kisha chukua vyote. Pesa sitaki."

Alilitaja mbele yangu, bila ukuta katikati. Kumbe akilitaja hufumba jicho moja kidogo. Nilitamani kumpiga. Nilitamani alitaje tena.

Kumpunguzia umri! Umri gani sasa? Nimejiambia hivyo, nikafungua mdomo. Ulimi ukaenda mpaka nyuma ya meno, ukakaa hapo. Rambha akasubiri, hakunihimiza. Akaketi kizingitini.

Nikasema ngoja nilete chombo cha kuvitilia.

Sitafuti chombo. Nimeketi konani, naandika. Nilidhani nikiliandika kwanza, mdomo utafuata. Nimeweka penseli mara mbili. Herufi ya kwanza naijua, ina kikono kama ndoano, ilikuwa karibu na ukingo kabisa, fundi aliibana. Mkono hauendi.

Jua linashuka, na barabarani wameanza kupiga makofi. Na sasa namsikia Ujam anatoka jikoni na bangili zake zote, anachelewa, anauliza uani kuna nini. Rambha anamwambia, "Nimeleta vipande, namngoja ben aniambie vya nani."

Na Ujam — "Si vya ——! Vya nani tena? Mpe basi tufunge mlango, nimechelewa!"

Amelitaja.

Ujam! Aliyejifunika mpaka kidevuni! Limemtoka kama mtu anavyosema chumvi. Hakuuma ulimi, hakushika masikio kwa toba, wala hakujua kwamba amelitaja. Bangili zinakwenda, mlango wa mbele umefungwa. Kaenda kucheza.

Sasa mji mzima. Muuza njugu, Kasam, wasafiri wa treni, na Ujam. Nimebaki mimi peke yangu.

Sijasikia fundo likifunguliwa. Nasikia Rambha tu, kizingitini, hapaazi sauti, anajua mbao ni nyembamba:

"Sikumuuliza yeye, ben. Nimekuuliza wewe."